Chumvi Bila Wimbo

Shoga, tangu siku ile tulipomzika mume wangu, ulimi wangu umekufa ganzi.

Unakumbuka tulivyokuwa jikoni kantini: yeye anakoroga huku anaimba, mimi naonja. Akinyamaza tu namwambia, "Imba, baba watoto, chumvi imepotea." Tukidhani ni utani.

Leo nimeonja maharage, maji matupu. Nikaongeza chumvi. Nikaonja tena. Maji matupu!

Mteja wa kwanza akatema. Yule fundi umeme mwenye mdomo akapaza sauti, "Mama, leo umetupikia bahari?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Bosi, anayeujua ule utani wetu wa wimbo na chumvi, akaja na redio, akaiweka karibu na jiko, akaifungulia mpaka mwisho. "Haya dada, muziki huo. Onja."

Nikaonja mbele yao wote, shoga. Mbele yao wote! Kelele tu, na mdomoni hamna kitu.

Akaizima. Akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniua: "Pole, dada. Wateja hawawezi kula msiba wako."

Nikamkabidhi mwiko.

Kuanzia kesho naosha masufuria. Atakayeonja ni mke wa bosi.