Pigo Lililoitwa Langu

Reureu, Aitutaki
Jumatatu, baada ya chai

Kwa kaka yangu Teremoana,

Kia orana, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula ukashiba, na baridi ya Auckland haijakugandisha masikio. Sisi huku tunaendelea. Baba hajambo, ila kidole gumba cha mguu bado kimevimba na bado anakataa kwenda kwa daktari. Anasema kidole ni chake, akitaka kukivimbisha atakivimbisha. Yule nguruwe uliyemwacha kichanga sasa ni mnene kuliko mchungaji, na nakuomba usimsomee mtu sentensi hii. Mama mdogo Akaiti anakusalimu sana. Ndiye aliyefunga boksi hili: mna magimbi ya taro, na majani yake aliyoyapika kwa tui akayagandisha, basi yatie kwenye friji upesi. Barua nimeiweka juu kabisa ili uisome kabla hujala, maana ukiisoma umeshiba utanihurumia, na sitaki.

Utajiuliza imekuwaje leo ninaandika, mimi ambaye mwalimu alisema mwandiko wangu ni nyayo za kuku mlevi, na simu ninayo. Simu nimeishika mara nyingi, kaka. Lakini najua ukiita tu "Nooroa, vipi?" ulimi wangu utaanza majigambo wenyewe kabla sijauruhusu. Na hili ninalotaka kukuambia lazima ulijue kabla hujapanda ndege kuja kufunua jiwe la kaburi la mama mwezi wa kwanza. Ukija bila kulijua, watu wa hapa watakutazama kwa jicho ambalo hukulistahili, na jicho hilo nimelichonga mimi.

Mambo yalianzia pale dukani, wakati wa maandalizi ya mashindano ya ngoma ya vijiji. Wanaume walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao, injini zimezimwa, midomo imewashwa, wakibishana lile lile la kila mwaka: mpigaji mkubwa ni nani. Wengi walimtaja Kaitara wa Vaipae. Kwa mikono hana mpinzani, hata mimi nakubali, na unanijua sikubali kitu. Akikaa mbele ya gogo lake la pate, vijiti vyake huanguka kama mvua kwenye bati, na bado kila tone lina mahali pake, hakuna linalokanyaga jingine. Kushoto kwake ni sawa na kulia. Lakini mpiga kengele wa kanisa akasema Kaitara hupiga kana kwamba wachezaji hawapo, akina dada wanamkimbilia na viuno vyao kama abiria waliochelewa ndege. Basi tukacheka.

Wengine wakamtaja mzee wetu, Papa Ngariki, naye amekaa pale pale anamenya chungwa, anajifanya hasikii. Vidole vyake vimepinda, kasi hana tena. Ila yeye hatazami gogo, anatazama magoti ya wachezaji. Akiona goti limechoka analipumzisha, akiona lina hamu analichokoza. Mtu mmoja akasema Kaitara anachezesha gogo, Papa anachezesha watu, na hilo likapita bila ubishi.

Ndipo mzee mwenyewe akamaliza chungwa lake akasema wamemsahau mtu. Akakutaja wewe. Akasema Tere hana mikono ya Kaitara, wala jicho lake yeye Papa, lakini Tere anajua kunyamaza. Alisema wapigaji wengi wakifika penye kimya hutupia vijiti haraka haraka kama mtu anayefukuza nzi, lakini wewe unakiacha kikae, hata msikilizaji akaanza kupiga mwenyewe kifuani. Akasema muziki uko hapo, na hapo hapafundishwi.

Mimi, kwa kuwa sijui kukaa kimya, nikauliza, je, Nooroa? Papa akanitazama tangu kandambili hadi kofia. Akasema Nooroa ana mikono miwili na mdomo mmoja, na kiongozi wa kundi ni mdomo. Kaka, walicheka mpaka pikipiki ya mtu ikaanguka. Nilicheka nao, tena kwa sauti kuliko wote, lakini moyoni nilikuwa nimeungua. Nikawatangazia pale pale kwamba mwaka huu nitaongoza mimi, kwa pigo jipya la kutunga mwenyewe, na huyo Kaitara ataenda kutafuta kazi ya kufagia uwanja wa ndege.

Nikajifungia kutunga. Nilitunga moja, nikatunga jingine, yote nikampelekea Papa. Akasema hicho ni kiporo cha Kaitara, nimekipasha moto bila hata kuongeza chumvi. Siku zikawa zinakwenda, wachezaji wananisubiri, vijana wa ngoma za ngozi wameanza kuniita Bwana Kesho.

Unakumbuka ulinitumia pigo kwenye simu, ukiligonga kwa vidole juu ya meza ya kazini, huku nyuma forklifti zinalia? Ulisema nisikilize nikwambie kama linatembea, ila nisimpe mtu kwanza. Sikukujibu. Ulidhani ni uvivu. Haukuwa uvivu, kaka. Nilikuwa nimelisikia, nikajua Papa alisema kweli pale dukani, na nikashindwa kukuandikia hata neno moja zuri.

Basi ndilo nililolichukua. Nililihamisha kutoka mezani kwako hadi kwenye pate, na mikono yangu ililishika upesi, maana mikono ninayo, hilo usinidhulumu. Kitu kimoja tu kilinitatiza. Katikati uliacha pengo: pigo linakata, panakuwa kimya, kisha unagonga mara mbili, taratibu, ndipo linaendelea. Mimi nikasema huyu kasahau, au bosi wake alipita. Nikalijaza. Nikamwaga humo kila kitu nilichowahi kumwibia Kaitara.

Siku ya mashindano ilipofika, unajua desturi yetu: mtangazaji hulitaja pigo na mwenyewe kabla halijapigwa, na likishatajwa hivyo mbele za watu ni lake, anayelitaka sharti aende kwake akaliombe. Akatangaza kwamba hili ni la Nooroa wa Reureu, kalitunga mwenyewe. Kinywa changu kilikuwa huru kusema. Kilitabasamu.

Tulishinda. Nisikufiche, tulishinda vibaya sana. Nilipofika kwenye lile pengo na kulimwagia fujo yangu, uwanja mzima ulisimama, na Kaitara mwenyewe alikuja baadaye akanishika viganja akavigeuza kama anayenunua samaki. Baba alinivika shada la maua huku machozi yanamtoka. Akasema mbele ya wazee kwamba mdogo amempita mkubwa. Na kwenye karamu kuna neno nililolisema, lakini hilo niache kwanza nipumue, nitalirudia.

Asubuhi yake mama mdogo alinikuta nafagia uani, shada bado liko shingoni, nimelala nalo. Nikangoja sifa. Yeye aliingia jikoni, akaitoa ile mbuzi ya mama, akaipangusa vumbi kwa kanga yake, akaikalia, akachukua kipande cha nazi akaanza kukuna. Nikamwambia nazi iliyokunwa ipo. Akasema nyamaza, angalau leo. Akakuna, akakuna, akasimamisha mkono. Akakigeuza kifuu. Akakigonga kwenye ukingo wa bakuli, mara mbili, taratibu, zidondoke chenga zilizobaki. Kisha akaendelea.

Kaka, ufagio ulinitoka mkononi.

Aliniambia dada yake ndivyo alivyokuna maisha yake yote, na kwamba wewe ulikuwa unakaa chini pale karibu na goti lake ukisubiri kulamba kifuu, wakati mimi nipo barabarani nimening'inia kwenye pikipiki za watu. Akasema ulimwambia unamtengenezea mama kitu cha siku ya jiwe. Hakujua ni kitu gani, mpaka alipokaa pale uwanjani na kumsikia dada yake. Akasema alishika mdomo, akangoja mama ageuze nazi. "Akawa anataka kugeuza, mwanangu, ukamzuia." Basi. Hakunitukana. Alimaliza kukuna ile nazi, akaniachia bakuli, akaenda zake.

Huyo ni mama yetu, Tere. Amenizaa, nimekula tui lake miaka yote, na nilimsikia kwenye simu yako nikadhani umesahau.

Sasa lile neno la karamu. Papa Ngariki alikuwa anatafuna sikio la nguruwe, akasema kwa sauti kwamba pigo lile limekaa kama la Tere. Watu wakageuka kunitazama. Ningeweza kusema ndiyo, neno dogo hivyo. Nikasema hapana Papa, mimi ndiye niliyemtumia Tere kwenye simu, zamani, ajifunze, maana mikono yake siku hizi imezoea kubeba maboksi. Wakacheka sana. Mmoja akasema basi mwezi wa kwanza Tere atakuja kutupigia pigo la mdogo wake bila kuomba. Nami nikacheka, kaka. Nikasema akiomba vizuri nitampa.

Sikukuibia tu. Nimekufanya wewe mwizi, tena mbele ya kaburi la mama, kabla hata hujafika.

Usidhani nimekaa nalo tu. Jumamosi tulipokutana ukumbini nilisimama mbele ya kundi zima, na baba yupo, nikasema pigo ni la Tere, nililiiba, na kwenye karamu nilidanganya. Mwenyekiti akaanza kupiga makofi! Akina mama wakasema mtoto huyu kakua, tazama anavyomheshimu kaka yake, anampa hata tunda la mkono wake. Baba akalia mara ya pili. Nikapaza sauti kwamba si heshima, ni wizi. Wakasema ona anavyoona haya. Maisha yangu yote nimejisifu watu wakaamini nusu, na siku niliyosema mimi si kitu, hawakuamini hata robo, walikataa yote.

Papa peke yake alinifuata nje. Aliniuliza jambo moja, kwa nini nilijaza pale katikati. Nikamwambia nilidhani mwenyewe alisahau. Akafumba macho akatikisa kichwa, akasema basi kweli si lako. Ila akasema kinywa changu kimekwisha thamani, na chake yeye watasema ni uzee. Kuna desturi ya zamani, kabla ya mashindano haya ya vipaza sauti: wawili wakidai pigo moja, kila mmoja hukaa na pate yake, wanatazamana, analipiga mmoja hadi mwisho, kisha mwingine, na watu wanasikiliza wenyewe. Akasema ifanyike siku ya jiwe, kabla kitambaa hakijaondolewa, ukikubali. Mimi nimekwisha kubali.

Nitaanza mimi. Nitalipiga vile vile nilivyolipiga uwanjani, na fujo yangu yote, sitapunguza hata kijiti kimoja. Halafu nitaweka vijiti chini nawe utapiga lako. Kila aliyewahi kula kwa mkono wa mama atakuwepo, na wengi walikaa jikoni kwetu wakimsubiri amalize. Ukifika pale penye kimya hutahitaji mtangazaji. Baba atasikia. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, na ndilo ninalokuomba ulifanye.

Utaona kwamba sijakuomba msamaha humu ndani. Soma tena, hakuna mahali. Nikiuomba sasa itakuwa kama nakuomba unifunike, na wewe kwa moyo wako ungenifunika. Nitauomba ukishapiga, watu wakiwa bado wamekaa.

Tunakungoja. Nisalimie sana shemeji, na majirani zako wa kutoka huku wote. Mpe salamu mwanao mkubwa, yule aliyeniambia kwenye simu kwamba anajua mpigaji mkubwa kuliko wote duniani ni baba yake mdogo Nooroa. Mwambie aliyemfundisha hivyo ni Nooroa mwenyewe, na kwamba mpigaji anayemtafuta anakaa naye nyumba moja.

Ni mimi mdogo wako,
Nooroa