Kadi ya Mgeni

Shoga, uko? Nina la kukusimulia.

Leo kazini walikuja kupiga video ya kusifia kampuni, eti watu waone raha ya kufanya kazi kwenye kampuni kubwa ya kuuza tiketi za ndege mtandaoni. Mimi nilikuwa nafuta meza zangu kimya kimya, si unanijua.

Bosi akaniita mbele ya watu wote! "Dada, njoo na wewe useme mawili matatu. Hapa sisi sote ni familia."

Familia! Miaka miwili nasafisha pale, na kadi yangu ya shingoni imeandikwa MGENI. Eti kwa sababu nimeletwa na kampuni ya usafi.

Mpiga video akanyoosha mkono. "Vua hiyo kadi, inaharibu picha."

Shoga, mimi! Mimi ninayeomba samahani nikikanyagwa! Nikaishika kadi kwa mikono miwili nikasema, "Sivui."

Bosi akacheka. "Si kadi tu hiyo, dada?"

"Kama ni kadi tu, nipe ya familia nivae."

Wale vijana wa kompyuta wote wakainamia vikombe vyao.

Sasa msimamizi wangu wa kampuni ya usafi kasema kesho niende ofisini kwake, huenda kazi sina tena.

Nitaenda. Na samahani siombi ng'o. Kadi nitaivaa juu ya nguo, isomeke vizuri. Wakitaka kunifukuza, wakumbuke wenyewe walichoandika. Mgeni hafukuzwi, shoga. Mgeni anaagwa, tena anasindikizwa mpaka mlangoni.