Mwiko wa Chini ya Godoro

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, tarehe 9, baada ya chakula cha mchana.

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, ingawa najua kwako wewe kukaa ni adhabu. Goti linaendeleaje ukipanda ngazi? Na vile vidonge vya presha, unameza kila siku au unameza ukikumbuka? Baba mdogo naye, ameacha kubishana na redio? Mimi ni mzima, watoto wazima, hata cherehani imepona tangu nilipoibadilishia mkanda. Sare za shule zimenijaa mpaka juu ya kabati, lakini leo nimezifunika shuka zisinitazame, nikuandikie kwa nafasi.

Najua ungependa nipige simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungelia, tukaishia kupeana pole bila kuambizana kitu. Kwa hiyo nimeshika kalamu, na unamjua Chiriku wako, akianza hajui kunyamaza. Nianze na hili ili roho yako itulie: baba ni mzima. Amekula akamaliza, sasa hivi yuko uani anafungua pampu ya jirani na kuimba wimbo ambao hajui maneno yake.

Wiki sita zilizopita nisingeweza kuandika hivyo. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vya kazi havikuingia, akawa anavaa kandambili za mkwe wake. Kutoka kitandani hadi bafuni alipumzika mara mbili. Mchana alisinzia na spana mkononi, mteja akisubiri. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba moyo wake umechoka na hausukumi damu vya kutosha. Dawa alimeza zote, chumvi aliacha, na bado kila mwezi tulimrudisha hospitali akiwa hoi kuliko mwezi uliopita.

Sote tulisema ni majonzi. Mama alikuwa ametutoka mwaka mmoja na miezi kadhaa, na mtu aliyeishi na mke miaka thelathini na sita, ukimwona anadhoofika, unaona ana haki ya kudhoofika. Hata mimi sikuuliza zaidi.

Tena nilikuwa nimemfanyia wema wangu. Unajua nilimleta kwangu baada ya msiba. Nilimpa chumba cha nyuma, nikamshonea pazia zito, nikawakanya watoto wasipite huko wakipiga kelele, na kila usiku nilimfungia mlango mwenyewe taratibu. Nilitaka apate utulivu, na sisi tusisikie kukoroma. Majirani walinisifu, nami nikavimba kichwa.

Sasa sikiliza maajabu. Kila tulipokwenda hospitali walimbana kidoleni kile kipimo cha oksijeni, kikasoma tisini na saba, siku nyingine tisini na sita. Muuguzi akamwambia, "Mzee, una pumzi za kijana." Tukarudi nyumbani na pumzi zetu za kijana, na miguu imejaa maji.

Mpaka tulipompata daktari mpya wa moyo. Ni mama mmoja mfupi, anaweka miwani kichwani halafu anaitafuta mezani. Alianza kumweleza baba kwamba moyo ni pampu. Wewe unamjua shemeji yako, miaka arobaini kwenye pampu za maji. Akamkatisha: "Daktari, pampu niachie mimi. Niambie kwa nini nachoka." Yule mama hakukasirika. Akamuuliza, "Usiku unalalaje?"

"Kama gogo," baba akajibu.

Daktari akanigeukia mimi. "Nani anamsikia akilala?"

Hakuna aliyekuwa anamsikia. Nilikuwa nimehakikisha hivyo mwenyewe, kwa pazia na kwa mlango.

Basi tukapewa kifaa cha kulala nacho, kinavaliwa mkononi kama saa, kina waya unaoingia kidoleni, kinaandika oksijeni usiku kucha. Kesho yake tukakirudisha, daktari akachapa karatasi, akaitandaza mezani. Nilidhani ni mchoro wa kitu kingine. Mstari ulikuwa meno ya msumeno kutoka mwanzo wa karatasi hadi mwisho. Tisini na tano, unashuka, themanini na nane, themanini, sabini na moja, halafu unaruka juu ghafla. Kisha unashuka tena. Alihesabu saa moja tu mbele yetu: mara thelathini na moja.

Akatueleza polepole. Baba akilala koo linajifunga, hewa inakatika, oksijeni kwenye damu inapungua, na ule moyo uliochoka unashtuka na kukimbia. Ubongo nao unamwamsha kidogo tu, kiasi cha kuvuta pumzi, wala asubuhi hakumbuki. Akishapumua, usingizi unarudi, koo linajifunga tena. Alisema wagonjwa wengi wa moyo wana tatizo hili bila kujua, kwa sababu wanapimwa mchana wakiwa macho, na mchana wako sawa. Usingizi mbovu unaumiza moyo, na moyo mbovu unaharibu usingizi.

"Kwa hiyo kila usiku nakufa?" baba akauliza.

"Hufi, mzee. Unazama na kuibuka."

Nilimtazama yule mzee na kofia yake mapajani. Mtu huyu alikuwa anaamka saa kumi na mbili, anatusalimia mmoja mmoja, anaomba chai, anauliza kama watoto wameoga, na hakuna aliyejua ametoka kupanda kutoka chini ya maji mara mia mbili na zaidi.

Daktari akauliza alianza kukoroma lini. Hapo baba akachangamka, akatoa ule mzaha wake wa siku zote: kwamba alianza ujanani, na mkewe alikuwa akimpiga mwiko usiku, ndiyo maana alimwita Afande. Unaukumbuka mzaha huo. Aliwahi kuwafunulia mbavu mafundi wenzake kazini waone alama, kila mtu akacheka. Daktari hakucheka. Aliitafuta miwani, akaivaa, akamuuliza: "Alikupiga ukiwa unakoroma, au ukiwa umenyamaza?"

Baba angejuaje, alikuwa amelala. Lakini mimi nilijua. Nilimsikia tena mama waziwazi, kama zamani, yuko kwenye kamba ya nguo na jirani, vibanio mdomoni: "Akikoroma nalala zangu. Akinyamaza ndio naamka." Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Nilicheka nikaenda zangu.

Dawa ya jambo hili, daktari akasema, ni mashine ya kupuliza hewa kupitia barakoa, hewa inalifungua koo lisijifunge. Baba akakataa katakata. Alisema hatalala na mkonga kama tembo, aibu hiyo hawezi. Daktari hakumlazimisha. Alisema mashine yenyewe itachukua wiki moja kupatikana, tukae na kile kifaa usiku mmoja zaidi, na baba alale ubavu.

Nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja jikoni kwangu. Unaukumbuka ule mwiko? Wewe mwenyewe ndiye uliyeuchomoa chini ya godoro upande wa mama, siku tunakusanya vitu vyake. Shangazi akasema ni wa kupigia wezi. Wewe ukasema, "Dada alikuwa na mambo yake," ukautupia kwenye kapu la vyombo. Mwiko ukaja kwangu na kapu hilo. Mpini wake umefungwa kitambaa mwishoni, nami kila siku nilisema nitakifumua. Safari hii niliutazama kama fundi. Ni pamba laini, imekunjwa mara nne, imeshonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo wa mama ambao ningeutambua gizani. Baba alipolalamika kuhusu mbavu, yule Afande hakuacha kumgusa. Alishona kitambaa.

Usiku ule nilitandika godoro sakafuni karibu na kitanda cha baba, mwiko mkononi. Alikoroma vizuri tu. Kisha akanyamaza. Mama mdogo, sijui nikuelezeje kimya kile. Kifua kinahangaika na hewa haipiti. Nilihesabu hadi ishirini na tano nikashindwa kuvumilia, nikamgusa ubavuni. Akavuta pumzi kwa kishindo, akageuka, akaendelea kukoroma, na mimi machozi yananitoka kwa furaha ya kusikia mtu anakoroma. Baada ya muda akarudi chali, akanyamaza tena. Nikamgusa tena.

Kesho yake daktari akachapa karatasi ya pili. Nusu ya kwanza mstari unashuka kidogo na kurudi, kidogo na kurudi. Halafu katikati unaporomoka, na meno ya msumeno yanaendelea mpaka asubuhi. Baba ameishi maisha yake yote akisoma geji za pampu, hakuhitaji kuelezwa. Aliweka kidole palepale mstari ulipovunjika.

"Hapa kumetokea nini?"

"Hapo ni saa tisa kasoro, baba. Nilipitiwa na usingizi."

Hakuondoa kidole. Nikaona aibu, nikaanza kujitetea kwamba nilikuwa nimeshona kutwa nzima. Hakuwa ananisikia. Akasema, taratibu sana, "Wewe nusu usiku. Yeye miaka thelathini na sita."

Daktari ni mtu wa haki, hakutaka kutia chumvi. Alisema hawezi kuapa mama alifanya nini, kwamba mwiko si tiba, na hakuna binadamu angeweza kuziwahi pumzi zote zilizokatika. "Lakini kila aliyoiwahi," akasema, "moyo huu ulipumzika." Kisha akajifanya anaitafuta miwani, na miwani alikuwa ameivaa.

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya kukatia sare. Ni zaidi ya usiku elfu kumi na tatu, toa siku chache alizokuwa leba kutuzaa. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Huyu ni mama yangu, aliyekuwa anasinzia kanisani tukamcheka, aliyelala na kijiko mkononi mezani, tukasema anazeeka vibaya. Namwogopa sasa kwa heshima ambayo sikuwahi kumpa akiwa hai, na inaniuma.

Mashine ilipokuja, baba aliivaa bila neno. Inatoa sauti ndogo, kama mtu anapuliza chai. Mlango wake sasa hatuufungi. Karatasi ya tatu mstari umenyooka karibu wote, na daktari akaongeza na dawa ya kutoa maji. Sikuambii amepona, moyo uliochoka haurudi kuwa mpya, na vidonge atameza siku zote. Lakini wiki iliyopita viatu vya kazi vimeingia. Alitembea navyo uani akienda na kurudi, anatazama miguu yake.

Mama mdogo, sasa nifike pale nilipokuwa naogopa kufika. Siku ya maziko ulisema, "Hata usiku mmoja." Sijasahau. Siku ya harusi yako mama alikuja asubuhi akaondoka jioni. Ulipojifungua, hivyo hivyo. Ulipofanyiwa upasuaji ulimshika mkono ukamwomba alale nawe, akalia, na bado alipanda basi la jioni. Uliamini baba ndiye aliyemfunga kamba, na tangu hapo salamu zako kwake zimekuwa za baridi. Sikulaumu, hata mimi niliamini nusu yake. Nilimuuliza baba. Aliniapia kwamba yeye mwenyewe alikuwa akimwambia, "Si ungelala kwa mdogo wako?" na mama akijibu amezoea kitanda chake. Kwa nini hakutuambia sijui. Labda hakuwa na jina la kitu alichokuwa anakizuia. Alijua tu kwamba akiwa mbali hatamsikia akinyamaza.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Usishtuke ukikifungua ukakuta mwiko. Kitambaa sijakifumua wala kukifua. Baba ameutoa mwenyewe, amesema kwa sasa mashine inamtosha na mwiko uende kwa mwenye haki nao. Ametaka pia aandike kidogo chini hapa, nami nimemwachia nafasi ingawa mwandiko wake unaujua.

Nisalimie baba mdogo na redio yake, dada mwalimu, na wale mapacha wako ambao naambiwa wamenipita urefu. Na mtu yeyote hapo nyumbani akikoroma halafu akanyamaza, usiende zako ukicheka. Mungu akupe usingizi mzima, na kila asubuhi akurudishie pumzi zako zote.

Mimi mwanao wa kwa dada, nikupendaye sana,
Chiriku.

Shemeji, usiku wote ambao wewe ulimngojea dada yako, niliulala mimi. Sikujua. Nisamehe.