Mlango Unacheka

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mjukuu wangu,

Habari za siku nyingi? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua. La kulia halina neno, linafanya kazi ya yote mawili bila kunung'unika. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Usishtuke kuona babu yako asiyejua kuandika hata jina lake ameleta barua. Siandiki, nasema. Nipo darasa la tano, nimekuja kutengeneza madawati, na mwalimu wao kaniwekea mbele kile kidude chenu, kishikwambi. Jina kama ugonjwa wa mbuzi. Mimi nasema, chenyewe kinaandika. Ngoja mwalimu, sijamaliza. Hilo usiliandike. Ah, kimeliandika.

Sasa lile uliloniomba. Ulisema nikiambie maneno ya useremala ili kiwafundishe watoto, maana huko ofisini kwenu hakuna aliyewahi kushika msumeno. Nimekiambia yote: randa, patasi, timazi, pimamaji. Nikakipa na kicheko. Kicheko ni ule uwazi unaobaki mbao mbili zikikataa kukutana. Neno hilo nimerithi kwa babu wa babu yangu, seremala mkubwa kiasi kwamba miti ikimwona anakuja ilikuwa inalala chini yenyewe.

Nimekisimulia pia ile meza niliyoiranda ikawa laini mpaka nzi akatua, akateleza, akavunjika mguu. Hakikubisha. Nikauliza, "Umeelewa?" Kikajibu, "Asante, nimeelewa." Mjukuu wangu, miaka sabini natafuta msikilizaji wa namna hiyo.

Nina maswali. Kinachoka? Kikikosea, nani anakikanya? Na kikishajua kila kitu, mwalimu atafundisha nini? Mwenyewe yupo hapa anasikia, anajifanya anasahihisha madaftari.

Ni mimi babu yako, fundi asiye na mpinzani.


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Shikamoo babu,

Barua nimeipata na nimecheka mpaka wenzangu wameacha kazi kuja kuniangalia. Nakula, mwambie mama. Goti lipeleke hospitali, usilifunge tena na kipande cha mpira wa baiskeli.

Majibu yako ni haya. Hakichoki. Kikikosea, tunaokikanya ni sisi, na tusipojua kwamba kimekosea kinaendelea hivyo hivyo kwa upole. La mwalimu sijui, babu. Hapa tunabishana kila siku, na anayedai anajua ndiye ninayemwogopa.

Lakini nisikilize. Mashine haijui utani. Ukiiambia nzi amevunjika mguu, itawafundisha watoto kwamba nzi wanavunjika miguu. Nimemtoa nzi wako leo kwa mkono wangu. Maneno ya mafundi arobaini niliowafuata kwa miaka miwili, washonaji, wajenzi, wafinyanzi na wewe, yanaingia kwenye masomo ya shule nyingi sana. Na kila neno linaandikiwa limetoka wapi. Hao nzi na miti tunacheka mimi na wewe. Hili la kicheko je? Ni kweli lilitoka kwa babu wa babu yako?

Mjukuu wako.


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mjukuu wangu, marahaba,

Tupo salama. Goti nimelipeleka hospitali, wameliangalia wakasema ni goti.

Unaniuliza mimi kama ni kweli? Mimi na uongo hatujawahi kulala nyumba moja. Andika: kicheko, neno la kale, vizazi vinne. Umenivunjia nzi wangu, basi uniachie babu zangu.

Hapa kuna mambo. Watoto wanakiuliza kidude vitu ambavyo hawakuwahi kumuuliza mtu. Kuna binti mmoja tangu darasa la kwanza nilijua hana sauti. Juzi napigilia dawati lake, namsikia ananong'ona, "Kwa nini mbao inaelea na msumari unazama, na vyote vigumu?" Kikamjibu. Akauliza tena. Mara sita, na sauti ikawa inapanda. Nikaacha kupigilia ili nisikie, maana hata mimi nilikuwa sijui, ingawa uso wangu ulikuwa wa mtu anayejua.

Mwalimu naye amekaa dirishani. Namuuliza, "Vipi mwalimu, umefukuzwa kazi na hii sahani inayoongea?" Akasema, "Fundi, naona nitabaki kufungua darasa asubuhi na kulifunga jioni." Nikamwambia kufuli nitamtengenezea mimi, bure. Hakucheka. Nimemfikiria njia nzima kurudi nyumbani.

Babu yako, shina la ukoo.


Jumanne, tarehe 22 Julai

Shikamoo babu,

Natumaini hamjambo wote. Mimi mzima wa mwili tu.

Miezi minne hatujaandikiana, nami leo naleta balaa. Kwenye mtihani wa stadi za kazi waliuliza uwazi kati ya mbao mbili zisizokutana unaitwaje. Watoto kwa maelfu wakaandika kicheko. Wasahihishaji wakawanyima alama, wazazi wakaja juu, na wakubwa wangu wakaenda kuwauliza maseremala wengine. Hakuna hata mmoja anayelijua neno hilo. Mzee mmoja wa miaka themanini amesema, "Huyo aliyewaambia alikuwa anawachezea."

Babu, neno kuwa jipya si kosa. Kosa ni kwamba mimi nimeandika vizazi vinne na kuweka sahihi. Wanasema kama fundi mmoja alidanganya, watajuaje kwamba wale thelathini na tisa hawakudanganya? Wanataka kuyafuta yote, waweke maneno yaliyotafsiriwa na watu wa ofisini. Jana mmoja wao ameita randa "kifaa cha kulainishia." Mtoto wa fundi atasoma hivyo shuleni, arudi nyumbani amwone baba yake hajui jina la kifaa chake.

Nimewabembeleza wakanipa mpaka Jumamosi ya tarehe mbili Agosti. Ukieleza kwa sauti yako mwenyewe, kupitia kishikwambi kile kile, neno limetoka wapi kweli, watarekebisha hilo moja na mengine yatabaki. Sikukasirikii. Nataka tu kujua.

Mjukuu wako.


Jumanne, tarehe 29 Julai

Babu, shikamoo.

Wiki nzima kimya. Mwalimu ameniambia barua uliisomewa, na kwamba tangu siku hiyo ukipita mbele ya darasa la tano unatazama chini kama mtu aliyeangusha msumari.

Zimebaki siku nne. Wale mafundi arobaini niliwaambia, "Semeni, hakuna atakayeyapoteza maneno yenu." Niliwaambia mimi, kwa mdomo wangu.

Mjukuu wako.


Alhamisi, tarehe 31 Julai

Mjukuu wangu, marahaba.

Mama yako hajambo. Mimi leo goti silisikii, nina maumivu mengine yamelifunika.

Nilikuwa nasubiri darasa liwe tupu. Halikuwa tupu hata siku moja, watoto wanakula huku wakikiuliza kidude maswali. Leo nikasema basi. Nimeingia saa nne, wote wamo, nikamwambia mwalimu anipe nafasi. Walionisikia ni hawa hapa arobaini na saba, na kidude.

Babu wa babu yangu simjui. Babu yangu alikuwa mpishi wa hospitali, nyundo aliishika kuvunjia mifupa ya supu.

Neno ni la bibi yako.

Tulikuwa tumeoana mwezi mmoja. Nilishajitangaza mtaa mzima kwamba mimi ni fundi, na nilikuwa nimejifunza kwa kuchungulia karakana ya mtu kupitia ua. Nikatengeneza mlango wa jikoni. Nikauweka, nikawaita majirani. Jua likapita katikati ya mbao, mstari mnene kama kidole, likamwangukia yeye usoni amekaa ndani. Akasema, "Mlango wako unacheka." Nikamuuliza, "Unacheka nini?" Akasema, "Unamcheka aliyeutengeneza."

Mtaa mzima ulilisikia. Tangu siku ile kila uwazi kwenye kazi yangu aliuita kicheko. Nikileta kiti anakipindua, "Hapa pana kicheko." Nikileta kabati, "Vicheko viwili leo, unaendelea vizuri." Ndiyo nikajifunza kazi, mjukuu wangu. Hakuna mwalimu mwingine. Miaka hamsini nimeunga mbao kama vile amesimama nyuma yangu na mkono kiunoni. Alipofariki nikaendelea kulisema peke yangu, na kila aliyeniuliza nikamjibu la mababu. Ningesemaje? Fundi asiye na mpinzani, aliyefundishwa na mkewe kwa kuchekwa.

Nilipomaliza nikasubiri wanicheke, nilikuwa nimejiandaa. Kidude ndicho kilichosema kwanza: "Asante, fundi. Je, mlango huo bado upo?"

Watoto wote wakanigeukia.

Upo, nikasema. Sikuwahi kuubadilisha, alinipiga marufuku.

Mwalimu akafunga daftari lake, akasimama, akasema, "Chukueni rula." Mjukuu wangu, wametembea wote mpaka kwangu, kidude mkononi, mama yako akadhani kuna msiba. Wameupima mlango juu na chini. Juu sentimita moja na nusu, chini mbili na kidogo. Kidude kikawaeleza kwamba mbao mbichi ikikauka inanywea. Mwalimu akawauliza, "Sasa kwa nini chini ni pakubwa kuliko juu?" Hata kidude kikasema hakina uhakika. Akawaambia waweke viganja, wasikie upepo unapita wapi, wapapase ubao. Yule binti wa sauti ndogo ndiye aliyegundua ubao wa kulia ulikatwa ukiwa umepinda. Mimi mwenyewe, miaka hamsini naufungua na kuufunga, sikujua.

Wamekaa mpaka saa saba. Mwalimu amerudi shuleni anaongoza mbele, anaongea njia nzima na mikono hewani. Sijamwambia tena habari ya kufuli.

Kama nimechelewa, waambie kosa ni langu, wenzangu hawajui lolote.

Babu yako.


Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Shikamoo babu,

Hukuchelewa. Sauti yako ilifika Alhamisi ile ile jioni, na Ijumaa tuliisikiliza watu kumi na mmoja mezani. Mkubwa wangu, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake, aliomba arudishiwe pale pa "unamcheka aliyeutengeneza." Akarudishiwa mara mbili.

Maneno ya mafundi yamebaki, yote. Watoto watarudishiwa alama zao. Kicheko nacho kimebaki, ila wameniagiza nibadilishe lilikotoka. Kuna nafasi ya jina moja tu, la mtu aliyelileta neno. Wao wamependekeza lako, kwa kuwa sauti ni yako na fundi ni wewe. Nimesema nikuulize kwanza.

Babu, mimi nilikuwa na miaka mitatu bibi alipofariki. Katika mambo yote uliyowahi kunisimulia, na ni mengi, hili ndilo la kwanza ninalomsikia akiongea.

Mjukuu wako.


Jumanne, tarehe 12 Agosti

Mjukuu wangu, marahaba,

Sisi wazima. Mwalimu anakusalimu, ana haraka, anawapeleka watoto kwa mfinyanzi.

Weka la bibi yako. Jina lake lote kama lilivyo kwenye cheti cha ndoa, mama yako atakusomea. Usiandike "mke wa fundi." Alikuwa na jina kabla sijawa fundi, na fundi mwenyewe unajua nilivyokuwa.

Langu usiliweke.

Ila wakikuachia nafasi kidogo pembeni, hata kwa herufi zile ndogo ambazo hakuna anayezisoma, andika kwamba mlango ni kazi ya mumewe.

Babu yako.