Ufunguo wa Kinamasi na Picha za Marion

Mpendwa Mama Persis, naomba unisaidie kabla ya Jumapili maana usingizi umenitoroka. Mimi ni mzee wa kanisa huku Ekerenyo na pia mwenyekiti wa kamati ya kinamasi chetu, mwaka jana tulikizungushia seng'enge ili korongo wenye taji watage kwa amani, na ni mimi niliyesema mtu yeyote asiingie miaka miwili, nikamfukuza hata jirani yangu Drusilla alipokuja kumkatia ng'ombe wake nyasi, sasa binti yangu Marion anaolewa akaniambia, "Baba, ni picha za dakika kumi tu," nikampa ufunguo, kumbe wakaingia watu thelathini na kamera ya kuruka, korongo wakakimbia wakaacha mayai matatu na hadi leo hawajarudi. Kamati inasema mlinzi wetu Ochoki alizembea, na alipojitetea kwamba siku hiyo nilimtuma sokoni Nyaramba kununua misumari, mimi nilikohoa tu. Jumapili wanamfuta kazi na mimi ndiye nitakayemsomea barua. Nikisema ukweli nitaaibika mbele ya wakwe. Nifanye nini?

Abner

Mzee Abner, pole kwanza. Kumkatalia binti anayeolewa ni kazi ngumu, na najua alikuita "Baba" kwa sauti gani. Lakini hicho kikohozi chako kinamnyima mtu kazi.

Drusilla na ng'ombe wake uliwaona ni hatari kwa ndege, ila watu thelathini waliovalia harusi ukawaona ni wageni. Na hao wakwe unaowaogopa, si walikuwa kwenye picha? Wanajua vizuri nani aliwafungulia geti.

Nenda leo kwa Ochoki. Usimpigie simu. Mwambie ukweli mbele ya mke wake, kwa sababu naye amesikia mumewe akiitwa mzembe. Jumapili simama kabla ya mambo mengine, useme ulimtuma wewe na ufunguo ulitoka kwako. Kisha uuweke mezani akabidhiwe Drusilla. Atakuwa mkali kuliko wewe, na hana harusi karibuni.

Marion asiweke picha hizo mtandaoni, maharusi wote wa Nyamira watataka kupigwa za hapo hapo. Apige nyingine kwenye shamba lenu la chai.

Na wewe usichungulie kuona kama korongo wamerudi. Ukitaka kujua, muulize Ochoki kwa heshima. Akitaka, atakujibu.

Persis