Nilisema Nimepita

Mama,

Kesho asubuhi mwalimu mkuu atabandika matokeo kwenye ule ubao wa nje, karibu na mfereji, na mimi nitakuwa pale. Tumetoka kanisani, Baba amejilaza, na mimi nimeketi sakafuni nikiandikia juu ya sanduku. Unalikumbuka sanduku. Bado lina jina langu kwa rangi nyeupe, MWENDE FORM 1, na ile M ambayo rangi ilimchuruzika fundi, ukasema tuiache hivyo hivyo, si mtu atalisoma tu.

Kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hai. Nimelibeba mwaka mzima na limenichosha, kwa hivyo nalisema sasa kabla sijaanza kuzungukazunguka. Mama, mimi sikufaulu.

Siku ile uliponituma unga, ulisema, "Ukitoka dukani upitie shuleni, uone kama wamebandika." Nilipitia. Nilisoma ubao kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu. Kiingereza nilikuwa nimefanya vizuri, hata mwalimu alinipigapiga begani. Hesabu ndiyo iliyonizika. Alama zangu zote pamoja zilikuwa ishirini kati ya thelathini na sita, na kwa alama hizo hakuna shule ambayo ingeniita. Nilirudi Kariobangi nikitembea polepole, unga mkononi, nikitafuta maneno ya kukwambia.

Hata sijavua viatu, ukaniuliza kutoka kitandani, "Umepita?"

Mungu ni shahidi yangu, nilidhani unauliza kama nimepitia shuleni jinsi ulivyonituma. Nikajibu, "Nimepita, Mama."

Ukapiga kigelegele. Wewe ambaye kwa wiki mbili ulikuwa humalizi sentensi bila kifua kukukata katikati, ulipiga kigelegele mpaka Mama Njoki, aliyeuza mandazi kando ya uji wako kule Gikomba, akatoka nyumba ya pili akikimbia na mwiko. Ukamwambia, "Mwende amepita!" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ule unga. Nafasi ya kusema ilikuwepo. Ilikuwepo nzima, kama mlango ulio wazi, na sikuingia. Niliona uso wako ulivyokuwa na nikashindwa.

Tena nakulaumu kidogo, usikasirike. Kama ungesema "umefaulu" kama watu wa redio, tungeelewana. Lakini sisi hapa mtihani tunapita, duka tunapita, kwa jirani tunapita, neno moja tu tunalibebesha kila kitu.

Kila siku baada ya hapo nilijiambia kesho. Lakini kesho yenyewe ilikuwa inakuja na watu. Akina mama wa kanisa walikuja wakaomba, wakaimba, halafu wakachanga wakaenda kununua sanduku la bati kwa mafundi, maana msichana haendi bweni na mfuko wa karatasi. Walilileta wakaliweka kando ya kitanda chako. Ulikuwa ukilala na mkono juu ya kifuniko chake. Nilikuwa nikiuangalia ule mkono, nikisema tena kesho.

Ulikufa siku ya Alhamisi, mkono ukiwa hapo hapo.

Tulikupeleka nyumbani Ukambani. Mchungaji alisimama kaburini akasema umeacha msichana anayekwenda Form One, na watu wote wakanigeukia kunipa pole na hongera kwa pumzi moja. Mama, sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kupewa hongera akiwa amesimama kwenye udongo wa mama yake. Nilitamani nishuke nikae na wewe.

Baba ndiye niliyemwambia kwanza. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na kila jioni alikuwa akiuliza barua ya kuitwa imefika au bado. Nilimfuata Majengo kazini kwake, wanakochonga vinyago. Alikuwa anamsugua twiga kwa msasa, na hakuacha kusugua nilipokuwa nikisema. Nilipomaliza akauliza, "Mama yako alijua?" Nikasema hakujua. Akapuliza vumbi kwenye shingo ya twiga. Kisha akasema, "Basi alikufa akifurahi. Kazi imebaki kwako." Hakunipiga wala hakunipa pole. Alinipa msasa nikamalizia miguu ya yule twiga, na tukarudi nyumbani pamoja.

Kwa Mama Njoki nilikwenda mwenyewe, nikiburuta sanduku ili awarudishie akina mama. Alifunua kifuniko akachungulia ndani. Akasema, "Wee Mwende, hilo sanduku limekosa nini? Lirudishe kwenu." Ndiye aliyewaeleza wenzake, na sijui aliwaeleza vipi, maana hakuna aliyewahi kunitupia neno. Nafikiri walimwogopa.

Kwa hivyo nilirudia darasa la saba. Watoto niliokuwa nikiwatuma chaki ndio nilioketi nao dawati moja. Waliniita Shosho, kama bibi kizee. "Shosho, wewe si ulisema ulipita? Sasa umerudi kufanya nini na sisi?" Nilikuwa mrefu kuliko wote na sketi ilikuwa imekataa kushuka magotini. Muhula wa kwanza sikuinua mkono hata siku moja, hata nilipojua jibu.

Muhula wa pili tukafanya mtihani wa majaribio, na hesabu ikaniangusha tena. Alama zilikuwa chini kuliko za mwaka uliopita! Mwaka mzima wa kuitwa Shosho, halafu nateremka. Sikulia mbele ya watu. Nilitoka na begi langu katikati ya kipindi, nikaenda moja kwa moja Gikomba kwenye kibanda chako, ambacho Mama Njoki anakishikilia, nikamwambia shule imenishinda, nipe mwiko. Hakubishana na mimi. Alinipa mwiko akaenda zake kuchukua maji.

Na uji ukashika chini, Mama. Nilikuwa nafikiria mambo yangu, nikasikia harufu. Nikaanza kukoroga kwa nguvu, na mafundi wamepanga mstari na vikombe, na nikiendelea kukoroga ule wa chini ndivyo unavyozidi kupanda na kuchafua wote. Hapo nikakusikia. Sisemi nilisikia mzimu. Nilisikia tu ulivyokuwa ukinikaripia nilipokuwa mdogo: "Usikoroge! Ukishika chini usikoroge. Mimina wa juu kwenye sufuria nyingine, watu wanywe. Wa chini tutaushughulikia baadaye." Nikatoa ile sufuria motoni, nikamimina wa juu, na watu wakanywa. Mmoja alilalamika, lakini huyo unamjua, hulalamika kila siku.

Nilipokuwa nikikwangua sufuria ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikifanya kwenye mtihani. Ile mara ya kwanza nilikutana na swali la tangi lenye mifereji miwili, mmoja unajaza, mwingine unatoa. Lilinishika. Nikalikoroga. Nilifuta nikaandika, nikafuta nikaandika, na nilipoinua macho muda ulikuwa umebaki kidogo na sijagusa ukurasa wa mwisho, ambao ulikuwa na maswali hata ya kuchora pembetatu, mambo ninayoyajua. Kwenye majaribio nilifanya vile vile. Hesabu sikuwa nimeshindwa nayo yote. Nilikuwa nimeunguza uji wote kwa sababu ya ule wa chini.

Siku ya pili nilirudi shuleni. Mwalimu wa hesabu aliniuliza nilikuwa wapi, nikasema nilikuwa nikiosha sufuria, darasa likacheka na mimi nikacheka nao. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka shuleni tangu ufe. Nikamwomba anipe karatasi za zamani, na kila asubuhi kabla ya kengele nilikuwa nikizifanyia hapa, kwenye sanduku hili, maana meza ni ya Baba na imejaa vinyago. Swali likinishika naweka alama pembeni, namimina, nasonga mbele. Halafu narudi. Mengine yakipoa yanabanduka yenyewe. La tangi bado linanisumbua, sitakudanganya tena.

Kwenye mtihani wenyewe nilifika ukurasa wa mwisho. Niliacha maswali manne nikarudi, nikapata mawili, mawili nikabahatisha. Sijui imekuwa kiasi gani. Kuna wakati naona nitaitwa shule nzuri, na kuna wakati, kama leo kanisani, naona ule ubao tena. Lakini hofu ya mwaka huu si kama ile. Ile nilikuwa nayo peke yangu, na ilikuwa na uongo ndani yake.

Nakukosa, Mama. Nakukosa nikisikia harufu ya uji, nakukosa watu wakiniuliza habari za nyumbani. Nasikitika kwamba furaha yako ya mwisho ilikuwa ya neno ambalo sikulimaanisha. Nisamehe. Na kama kigelegele kile hakirudishwi, basi nakiweka. Labda nitakistahili, labda bado.

Jumamosi mimi na Baba tunakwenda nyumbani kupalilia kaburi lako. Naahidi nitasimama hapo na kukwambia kwa sauti, Baba akisikia, mojawapo ya maneno mawili: nimefaulu, au nimeanguka. Nikianguka, nitakwambia pia nimeanguka vipi, na Jumatatu nitaketi tena mbele ya sanduku hili. Lakini lile neno lako sitakuletea tena.

Pumzika, Mama yangu. Kesho ukiniona njiani asubuhi na mapema, usipige kigelegele. Ni shuleni tu napita.

Mwanao,
Mwende