Jino la Chiriku na Kile Kichupa cha Juisi

Mlango wa Saba, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko ulipo, na shemeji yangu je? Ule mgongo uliokusumbua baada ya kujifungua umetulia, au bado unainuka kitini kama bibi wa miaka tisini? Na huyo mwanao, kwenye picha uliyotuma nimehesabu meno manne. Niambie kama nimekosea.

Sisi tu wazima. Shemeji yako yuko na lori lake la saruji, anailalamikia barabara kama kawaida yake. Mama yupo nasi tangu mwezi wa tatu. Miguu inamvimba kidogo, lakini ulimi hauna tatizo lolote. Mimi cherehani haijapoa, ni msimu wa sare za shule.

Sasa nina jambo la kukusimulia, na tafadhali ulisome lote maana linakuhusu.

Unamjua Chiriku, hatukumpa jina hilo bure. Tangu anapoamka mpaka anapolala ni maswali tu. Mwezi uliopita nikaona amepoa. Nikadhani mtoto anakua, anapata adabu. Kumbe mwenzangu anatafuna upande mmoja, kichwa amekilaza kama mtu anayeongea na simu, na akinywa maji ya baridi anafumba jicho la kushoto. Nilipomuuliza akasema, "Jino langu lina mtu ndani, anagonga."

Nikamlaza mapajani karibu na dirisha, nikawasha tochi ya simu. Gego la chini, upande wa kushoto, lilikuwa na tundu ambalo dengu ingekaa vizuri. Kitinda, nilishtuka. Mtoto wa miaka mitano, anapiga mswaki asubuhi na jioni, na humu ndani pipi haziingii!

Mama akasema, "Hayo meno ya utoto, yatang'oka yenyewe. Nyinyi mlikuwa na mapengo na waume mkapata." Nikacheka, lakini sikuridhika. Kama pipi hatumpi, ni nini kimelitoboa hilo jino?

Nikampeleka kwa daktari wa meno. Ni dada wa rika lako, mfupi, anapanda kigoda ili amfikie mgonjwa. Alimpa Chiriku kioo cha mkononi, wakayahesabu meno pamoja kwa sauti. Kisha akanigeukia.

"Mama, anakunywa nini, na mara ngapi kwa siku?"

"Maji, maziwa, na juisi ya matunda. Naikamua mwenyewe."

"Kwa kikombe?"

"Kwa kichupa chake chenye mdomo. Hakimwagiki."

Alinipa karatasi tupu. "Kesho, kila kitu kikiingia mdomoni mwake, isipokuwa maji, piga mstari. Usibadili chochote. Keshokutwa mniletee."

Nikaibandika karatasi ukutani kando ya cherehani, nikaanza kupiga mistari kwa chaki yangu ya kukatia nguo. Nilijiona mpelelezi kabisa. Mpaka saa sita mchana mistari ilikuwa kumi na mmoja. Jua lilipozama ilikuwa ishirini na mitatu, na karibu yote ni ya kile kichupa. Mtoto anakaa miguuni pangu, anafyonza funda moja, anapanga vifungo, anafyonza tena. Na aliyekuwa akikijaza ni nani? Mimi. Tangu alipokuwa na miaka miwili nilikuwa nikikijaza ili nimalize kola bila kusumbuliwa. Nilikaa nimeitazama ile karatasi, hata pedali sikuweza kuikanyaga.

Nilipompelekea karatasi, daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba kwenye ukoga wa meno vinaishi vijidudu, na kila vikipata sukari vinatoa asidi inayolainisha jino. Mate ndiyo yanayokuja kulitengeneza upya, lakini yanahitaji muda, nusu saa au zaidi. Glasi moja inayonywewa pamoja na chakula ikaisha, mate yanaimudu. Glasi hiyohiyo ikigawanywa funda funda kutwa nzima, mate hayapati nafasi. Nikamuuliza, hata juisi ya matunda halisi? Akasema vijidudu haviulizi sukari imetoka wapi.

Nikaendelea kumwuliza hili na lile mpaka Chiriku akanivuta kanga. "Mama, na mimi niulize. Daktari, hivyo vijidudu vina meno?"

Daktari akafikiri kweli, hakumjibu kwa kumpuuza. "Havina," akasema. "Vimepanga chumba tu kwenye ya kwako."

Kuhusu kuchimba, nilijiandaa kusikia ile mashine inayolia kama nyigu. Haikuwashwa. Tundu lilikuwa halijafika kwenye mshipa, kwa hiyo alilisafisha, akalivika jino kofia ya chuma yenye gundi ndani, akamwambia aume pamba kwa nguvu zake zote. Machozi yalimtoka, mimi nimemshika miguu, lakini aliuma. Gego la jirani lilikuwa na doa dogo tu. Hilo akalipaka tone la dawa inayousimamisha uozo, ila inapaacha peusi moja kwa moja. Aliniuliza kwanza, akanionyesha na picha. Mimi fundi sipendi doa, unanijua, lakini nikasema paka. Yaliyobaki yote akayapaka dawa ya floraidi inayoimarisha meno.

Niliporudi nilimweleza Mama kwamba magego ya utoto yanakaa mpaka miaka kumi au kumi na mmoja, tena yanayashikia nafasi yale ya ukubwani. Ukiyang'oa mapema, meno ya jirani yanaegemea pale, na yanayoota baadaye yanakosa njia. Mama akanitazama mdomo kwa muda mrefu. "Kumbe ndiyo maana yako yamepandana," akasema. "Nilikung'oa mawili kwa uzi." Tulicheka mpaka akashika mbavu.

Siku tatu za kwanza bila kichupa zilikuwa vita. Chiriku alilia, akamwaga kopo zima la vifungo, na mimi nikashona mkono wa shati nje ndani. Siku ya nne akaomba maji mwenyewe. Sasa juisi ni kikombe kimoja, mezani, na chakula, na mswaki wa jioni nampiga mimi mpaka atakapofika miaka saba au minane. Anatema povu, hasukutui.

Nawe sasa, mdogo wangu. Nilikutumia kichupa kama hicho, tena kwa furaha. Nisamehe. Tia maji matupu, au kifungie kabatini. Mwanao asilale na chupa ya maziwa mdomoni. Hayo manne yaanze kupigwa mswaki leo, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje moja ya mchele. Na kila mwezi uinue mdomo wake wa juu uangalie karibu na ufizi. Ukiona mistari myeupe kama chaki, usingoje, mpeleke. Hapo jino bado linaweza kujirudi. Hata usipoona kitu, mpeleke kabla hajatimiza mwaka.

Kuna la mwisho. Jumapili shemeji yako alikuwa anavua viatu, akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama yule daktari anatibu na watu wazima. Kumbe miaka miwili anameza vidonge vya maumivu akiwa safarini. Kabla sijasema kitu Chiriku ameshamkalisha sakafuni. "Baba, fungua." Mwanaume mzima akafungua. Mtoto alitazama kwa makini, kisha akamuuliza polepole, "Baba, kwa nini hukusema?"

Shemeji yako anakwenda kwa daktari Jumanne, na asubuhi hiyo sishoni. Nitakuwa naye.

Nisalimie shemeji yangu, mama mkwe wako, na yule jirani yako muuguzi aliyekupikia uji. Mama anakubusu, na Chiriku anauliza mama yake mdogo ana meno mangapi. Mungu awape afya na siku za amani nyumbani mwenu.

Akupendaye siku zote,
Dada yako mkubwa, fundi wa Mlango wa Saba.